Usiitupe Sponji Bado

Kijana wa jirani alibisha hodi saa mbili usiku. Mkononi alikuwa na jagi la maji, na ndani yake samaki mmoja wa dhahabu amelala ubavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kulikoni?"

"Samaki wanakufa. Na tangi nimelisafisha vizuri Jumamosi, filta nikabadilisha yote. Kila kitu ndani ni kipya."

Ilikuwa Jumanne. Nilimuuliza sponji ya zamani ameiweka wapi. "Nimeitupa, mama. Ilikuwa nyeusi, inatia kinyaa." Gari la taka lilikuwa limepita asubuhi ile ile.

Tulivuka njia kwenda kwao. Maji ya tangi lile, la lita 100 hivi, yalikuwa maangavu kiasi kwamba ungesoma gazeti lililowekwa nyuma ya kioo. Lakini samaki watatu waliobaki walikuwa wamepanda juu kabisa, midomo imegusa uso wa maji, matamvua yanafunguka na kujifunga upesi upesi. Nilichota maji kwenye kichupa cha kipimo nikatia matone. Kwa kipimo ninachotumia mimi, maji yasiyo na amonia hubaki ya njano. Dakika tano zilipotimia, maji yale yalikuwa kijani kilichokolea.

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wanaofuga samaki wa mapambo nyumbani ni hili: filta ibadilishwe lini? Na wengi huuliza wakitarajia tarehe, kama ile ya kubadilisha oili ya gari. Filta haina tarehe moja. Ndani ya kasha lile dogo mna vitu vitatu, vinne, wakati mwingine sita, na kila kimoja kina umri wake. Kimoja hutupwa baada ya wiki mbili, kingine hukaa miaka. Kuvitupa vyote siku moja ndilo kosa lililoua samaki wengi kuliko uchafu wowote niliowahi kuuona ndani ya tangi.

Nami nimelifanya. Mwaka wa kwanza wa ufugaji wangu, mkesha wa Idi, nilisugua nyumba nzima, na katika kusugua huko nikaifungua filta, nikaiosha sponji kwa maji ya bomba na sabuni ya vyombo mpaka ikarudia rangi yake ya dukani. Siku ya Idi tangi liling'aa. Siku ya tatu niliwatoa samaki saba kwa kijiko cha wavu, na binti yangu mdogo amesimama pembeni ananitazama. Hiyo ndiyo sababu nalieleza jambo hili kwa kirefu kila ninapopata nafasi.

Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua yenyewe anapopumua. Chakula kilichobaki na kinyesi kikioza huongeza nyingine. Amonia ni sumu kwake, na tangi si ziwa. Hakuna mkondo wa kuichukua. Anayeiondoa ni jeshi la bakteria walioganda kwenye sponji, kwenye kauri, kwenye changarawe na hata kwenye kioo. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka wewe uje uipunguze kwa kubadilisha sehemu ya maji. Kwa miaka mingi vitabu vya wafugaji vilimtaja Nitrobacter kuwa ndiye mfanyakazi wa hatua ya pili. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kwamba katika akwariamu za maji baridi kazi hiyo hufanywa na jamii ya Nitrospira. Mwaka 2015 ikagundulika kwamba wapo Nitrospira wanaoweza kufanya hatua zote mbili peke yao.

La kushika ni hili: viumbe hawa huongezeka polepole mno. Bakteria wa maziwa yanayochacha hujigawa mara nyingi kwa siku moja. Hawa wa filta huhitaji saa nyingi, pengine siku nzima, ili mmoja awe wawili. Ndiyo maana tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kukomaa. Ukiitupa sponji, umelirudisha tangi kwenye siku yake ya kwanza, huku samaki wakiwa ndani tayari na wanaendelea kula.

Na hawaelei ovyo ndani ya maji. Wamejishikiza kwenye utando mwembamba unaoteleza ukiugusa. Kwa sababu hiyo kubadilisha nusu ya maji hakuwaondoi wengi, ila kutupa kipande cha sponji kinachotosha kiganjani huondoa karibu wote. Yule kijana aliyaona maji yake maangavu akaamini ni safi, kumbe amonia haina rangi.

Hapa kwetu joto linatuongezea kazi. Amonia ndani ya maji huwa ya namna mbili, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine yenye sumu kali, na kinachoamua ipi itakuwa nyingi ni joto pamoja na pH. Kwenye maji ya nyuzijoto 28, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya sebule ya Dar es Salaam, pH ikiwa 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Ikipanda hadi 8 huwa asilimia 6 au 7. Ikifika 9, ni karibu asilimia 40. Anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, wale Tropheus wa rangi za kupendeza au wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, yuko kwenye pH hiyo ya juu, kwa kuwa maji ya ziwa lenyewe yanakaribia 9. Baadhi ya samaki hawa wamekuwa wakisafirishwa kutoka Kigoma hadi Ulaya na Marekani, na huko hutunzwa kwa hadhari kubwa. Sisi tulio nao karibu tunapaswa kuwatunza vivyo hivyo. Kosa la filta ambalo samaki wa dhahabu angelistahimili kwa siku mbili, wao huenda wasilistahimili hata usiku mmoja.

Sasa tufungue kasha. Kwanza chomoa umeme. Chomoa kabisa kwenye soketi, usizime swichi tu, na hakikisha waya wa pampu unaning'inia chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone linaloteremka kwenye waya lidondokee sakafuni lisiingie kwenye soketi.

Mara nyingi cha kwanza ni pamba, ile nyeupe inayonasa takataka ndogo ndogo. Hii ndiyo ya kutupwa. Wiki moja au mbili inatosha. Ikigeuka kahawia na kushikana kama kitambaa cha deki, itoe uweke nyingine. Unaweza kuisuuza mara moja ukaitumia tena, lakini nyuzi zake hulala na maji huanza kupita pembeni. Haina bakteria wengi wa kukusikitisha, mradi ndani ya kasha mna sponji au kauri. Ikiwa filta yako ina pamba peke yake, basi usiitoe yote. Ikate katikati na ubadilishe nusu, nyingine baada ya wiki mbili.

Sponji ndiyo roho ya filta nyingi za nyumbani, na ndiyo inayoonewa kuliko zote. Haibadilishwi kwa sababu imekuwa nyeusi au kahawia. Rangi hiyo ni ya takataka laini pamoja na utando wa bakteria wenyewe. Sponji nzuri hudumu miaka miwili, mitatu, na ninayo moja iliyozidi hapo.

Inaoshwa hivi. Siku ya kubadilisha maji, nyonya kwa mpira lita kumi za maji ya tangi uyatie kwenye ndoo safi isiyowahi kuguswa na sabuni. Itoe sponji polepole, mkono mmoja chini yake, kwa sababu ukiibana ndani ya tangi wingu la uchafu litatanda. Izamishe kwenye ndoo uikamue, uiachie ijae, uikamue tena. Mkamuo wa kwanza utatoa maji mazito kama uji wa ulezi. Wa pili mepesi kidogo. Wa tatu au wa nne yatakuwa kama chai ya rangi. Acha hapo hapo. Usitafute maji meupe. Takataka zilizoziba matundu zimetoka, na utando ulioshikilia kuta za matundu hayo umebaki. Inuse: sponji yenye afya hunuka kama udongo uliolowa mvua ya kwanza. Ikinuka yai bovu, maana yake kuna sehemu ya ndani iliyokosa hewa, na dawa yake ni kuikamua mara kwa mara zaidi, wala si kuitupa. Maji ya ndoo mwagia mchicha au maua, yana rutuba.

Maji ya bomba usiyatumie kwenye kazi hii. Maji ya Ruvu yanayoletwa na DAWASA hutiwa klorini ili yasituletee maradhi, na klorini haichagui bakteria gani wa kuua. Ukilazimika, yaache ndooni wazi siku nzima, au tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki. Maji ya kisima yana tatizo lake, kwani sehemu nyingi za Dar yana chumvi, na mimi huyapima kabla ya kuyaamini.

Sasa ioshwe lini? Acha kalenda, tazama mwendo wa maji. Hii ndiyo njia ninayoipenda, na haihitaji kifaa. Filta ikiwa mpya au imetoka kuoshwa, chomeka kipande cha mpira kwenye mdomo wa kutolea maji, peleka ncha kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu iliyo nje ya tangi, kwa kimo cha uso wa maji, uhesabu kwa simu inajaa kwa sekunde ngapi. Tuseme pampu yako imeandikwa lita 600 kwa saa. Bila kitu ndani ingejaza chupa kwa sekunde 9. Ikiwa na sponji, pengine 11 au 12. Andika namba hiyo kwenye karatasi ubandike ubavuni mwa tangi. Kila baada ya wiki mbili pima tena, kwa mpira ule ule na kimo kile kile. Ikifika sekunde 20, mwendo umeshuka karibu nusu, na sponji inataka kukamuliwa. Kwa samaki wachache wanaolishwa kwa kiasi, hilo huweza kuchukua wiki sita. Kwa samaki wa dhahabu, ambao ni walaji na wachafuzi wakubwa, wiki mbili.

Filta za kuning'inia nyuma ya kioo na zile za sanduku la juu hazipimiki hivyo, kwa sababu zikiziba maji hupanda na kupita juu ya sponji badala ya kupita ndani yake. Hapo tazama kina nyuma ya sponji: kikipanda mpaka karibu na ukingo, muda umefika. Na zile sponji za pampu ya hewa, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazofaa kuliko zote kwa anayeanza na kwa anayekuza vifaranga, hujionyesha kwa vipovu vinavyodhoofika ilhali pampu ni nzima, na uchafu unaoanza kulala sakafuni mwa tangi.

Umeosha sponji, umerudisha, na chupa bado inachukua sekunde 18? Usikimbilie kununua sponji. Fungua kichwa cha pampu utoe kile kipangaboi kidogo chenye sumaku. Mara nyingi kimevikwa ute, au unywele umejisokota kwenye mhimili wake. Kisafishe kwa mswaki wa zamani, na kijumba chake pia. Kagua kama mhimili umelika au sumaku imepasuka. Ikiwa hivyo nunua kipangaboi peke yake kama kinapatikana. Pampu ambazo wenyewe wanasema zimekufa nimezifufua nyingi namna hiyo, kwa dakika kumi.

Ikiwa pampu ni safi na mwendo bado ni mdogo, hapo ndipo sponji yenyewe inahojiwa. Ikamue uiachie. Ikirudi upesi kwenye umbo lake, bado ina maisha. Ikibaki imelala kama mkate uliokaliwa, matundu yake yamejifunga. Ikiacha vipande vidogo kwenye vidole, inaoza. Ikiwa imesinyaa mpaka maji yanapenya kati yake na ukuta wa kasha, haichuji tena hata ikionekana nzuri. Kwa dalili hizo tatu ibadilishe, ila hata hapo si kwa siku moja. Nunua mpya, iweke ndani ya filta ubavuni mwa ile kuukuu, ziishi pamoja wiki nne au sita. Kasha likiwa dogo, kata ya zamani nusu na mpya nusu, zibane pamoja. Nafasi ikikosekana kabisa, iache sponji mpya ndani ya tangi mahali maji yanapopita kwa nguvu. Bakteria watahamia wenyewe.

Pete za kauri na vipande vingine vyenye vitundu ni za kusuuza tu, kwa maji yale yale ya ndoo, mara mbili tatu kwa mwaka. Nimesikia wauzaji wakisema zibadilishwe kila miezi sita. Sioni sababu. Kauri ambayo haijamomonyoka inafanya kazi. Ikianza kutoa unga ukiisugua kwa kidole, badilisha theluthi moja, subiri mwezi, theluthi nyingine, na kadhalika.

Mkaa ni jambo jingine, kwani kazi yake haina uhusiano na bakteria. Huu si mkaa wa jikoni. Umetengenezwa kwa namna ya kuufanya uwe na vitundu vingi mno visivyoonekana, na mwingine hutokana na vifuu vya nazi. Hunasa rangi, harufu, klorini na mabaki ya dawa. Amonia hauishughulikii. Vitundu vikijaa umekwisha, na hilo hutokea kwa wiki tatu hadi nne kwenye tangi la kawaida. Kuuosha hakuufufui, wala kuuanika juani. Ukitaka kujua kama wako umekwisha, chota maji ya tangi kwenye kikombe cheupe, na ya kunywa kwenye kingine, uviweke pamoja dirishani. Umanjano ukirudi kwenye kile cha tangi, mkaa umejaa. Binafsi siuweki siku zote. Nauweka baada ya kutibu samaki, ili unyonye dawa iliyobaki, kisha nautoa. Na kabla ya kutibu, hakikisha mkaa haumo, la sivyo utanyonya dawa yako na mgonjwa ataendelea kuugua.

Watu wengine huweka zeolaiti, mawe madogo yanayonasa amonia. Yanafaa kwa dharura. Yakijaa huweza kulowekwa usiku kucha kwenye maji ya chumvi kali, yakasuuzwa na kutumika tena. Lakini chumvi hiyo hiyo ndiyo inayoyafanya yaachie amonia yaliyoibeba, kwa hiyo kama umeweka zeolaiti usitie chumvi ndani ya tangi kumtibu samaki.

Kuna aina moja ya filta inayonikera: ile yenye katriji, kipande cha pamba kilichoshonwa na mkaa tumboni, na maelezo kwenye boksi kwamba kitupwe kila mwezi ununue kingine. Wanachouza hapo ni mkaa uliojaa baada ya wiki nne, sawa. Lakini wameushona pamoja na makazi ya bakteria, kwa hiyo kila mwezi mteja mtiifu anatupa vyote viwili. Nimewaona watu wakifanya hivyo kwa uaminifu kabisa mwaka mzima, na kila mwezi samaki wanaugua, na kila mwezi wanaambiwa wanunue dawa. Fanya hivi: nunua kipande cha sponji ya filta, kikate kitoshee nyuma ya katriji, ukiache hapo miezi miwili. Baada ya hapo katriji itupwe utakavyo, kwa sababu bakteria wana nyumba nyingine. Mkaa ukiutaka, utie kwenye kimfuko cha wavu peke yake. Hakikisha sponji unayoikata ni ile iliyokusudiwa filta. Za kuoshea vyombo na za magodoro huweza kuwa zimetiwa dawa za kuua vijidudu au za kuzuia moto.

Wenye taa ya urujuanimno ya kuua mwani na vijidudu wajue kwamba taa hiyo huchoka kabla ya kuzimika. Inaendelea kuwaka buluu, lakini mionzi inayoua imepungua. Ikiwaka mchana na usiku, mwaka mmoja ni takriban saa 8,760, na taa nyingi ndipo hufika mwisho wa kazi yake. Andika tarehe kwenye plasta uibandike kwenye kasha siku unapoifunga, na kioo chake kinachoizunguka kifute ukungu kila baada ya miezi michache. Usiitazame ikiwa inawaka.

Na kama una mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya kisima kabla hayajaingia tangini, ule wa vichungi vitatu au vinne vya mfululizo, yale niliyosema juu ya sponji hayauhusu. Pale hakuna bakteria wa kulinda. Kichungi cha tope na cha mkaa hubadilishwa kila miezi sita hadi kumi na miwili, na mapema zaidi maji yakiwa na tope. Cha mkaa usikicheleweshe, kwa sababu kama maji yana klorini, ikikipita huharibu utando wa ndani ulio ghali, ambao ukitunzwa hufika miaka miwili au mitatu. Kalamu ya kupimia chumvi ndiyo itakayokuambia: namba ya maji yanayotoka ikianza kupanda wiki hadi wiki, utando unachoka.

Kukatika kwa umeme huua filta nyingi ambazo baadaye hulaumiwa kwa uchakavu. Bakteria hawa wanahitaji oksijeni nyingi, na maji yenye joto hubeba kidogo: kwenye nyuzijoto 30 hayafiki miligramu 8 kwa lita. Luku ikiisha usiku au umeme ukikatika, maji yaliyofungiwa ndani ya kasha la filta ya nje humaliza oksijeni yake kwa muda mfupi. Bakteria huanza kufa na uchafu kuoza mle mle. Umeme ukirudi, pampu husukuma uozo wote huo kwa samaki. Ukikatika kwa zaidi ya saa mbili tatu, fungua kasha, toa sponji uiache ielee ndani ya tangi, mwaga maji yaliyomo kwenye kasha, ndipo urudishe. Pampu ndogo ya hewa ya betri si ghali, na imeokoa tangi langu mara nyingi.

Siku yoyote unapobadilisha sehemu ya filta, isiwe siku hiyo hiyo ya kuvuta uchafu wa changarawe na kumwaga nusu ya maji. Tenganisha kazi hizo kwa wiki moja au zaidi. Punguza chakula kwa nusu kwa siku kumi. Pima amonia na nitriti kila asubuhi, kabla ya kuwalisha. Kipimo kikionyesha chochote zaidi ya sifuri, badilisha robo ya maji kwa maji yasiyo na klorini na yenye joto linalolingana, kesho upime tena.

Usiku ule kwa jirani tulianza na maji. Tulibadilisha theluthi moja, na asubuhi theluthi nyingine, kwa maji yaliyokuwa yamekaa kwenye mapipa yangu. Kisha nilirudi nyumbani nikatoa sponji ya tangi langu kubwa, ambalo halina mgonjwa, nikaikata kwa kisu katikati. Nusu nikaiweka kwenye kibakuli cha maji ya tangi, ikiwa imelowa, tukavuka nayo njia mara moja bila kuiacha ikauke. Ilitosha kwenye kasha lake ikibanana na ile mpya. Nilimwambia asiwape samaki chakula kwa siku mbili. Walikuwa na afya ya kutosha kustahimili hilo, na kila punje ingekuwa amonia zaidi. Yule wa kwenye jagi alikufa kabla ya alfajiri. Watatu wakashuka kutoka juu ya maji siku ya pili jioni, na kipimo kilirudi njano siku ya tisa.

Wiki saba baadaye kijana alinikuta nje naanua nguo.

"Shikamoo, mama. Sponji imekuwa nyeusi tena."

"Marahaba. Chupa inajaa kwa sekunde ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Ulipoanza ilikuwa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Basi iache, mwanangu. Ikifika ishirini, njoo na ndoo."